Mazungumzo Yangu na Marehemu Mke Wangu Yamekuwa Wimbo wa Roki

Mpendwa Mshauri, niwie radhi kwa kukuchukulia nafasi ambayo pengine ingewafaa vijana wenye ndoa zinazoyumba, lakini naomba msaada, kwani mimi ni mgane niliyesomeshwa na wamisionari, nimepiga kinanda kanisani tangu ujana hadi vidole vilipokakamaa, nami sikuzoea kumsumbua mtu asiyenijua.

Naishi na binti yangu, kitindamimba, ambaye mchana hushona mapazia ya maofisini na jioni huimba katika bendi ya roki, na mazoezi yao hufanyika sebuleni kwangu kwa idhini yangu, ingawa vikombe hutembea vyenyewe kabatini. Ni vijana wenye adabu. Mpiga ngoma, tunayemwita Radi, huniamkia vizuri kisha huniuliza kama nimekwisha kuziba masikio. Bendi hii ina desturi ninayoiheshimu: kila wimbo hutokana na kisa cha kweli, jukwaani hueleza ulikotoka, na kabla ya hapo ni lazima mwenye kisa ausikie na aridhie. Mpiga besi, ambaye ni fundi wa lifti, aliwahi kukwama ndani ya lifti pamoja na mteja aliyekuwa akimtukana, wakatoka humo marafiki. Bwana yule aliletwa hapa kusikiliza wimbo wake, akaridhia kwa sharti kwamba neno "kitambi" liondolewe.

Sasa, Mshauri, juma lililopita walinikalisha mimi katika kiti alichokalia bwana yule.

Sina budi kukueleza jambo ambalo sijamweleza hata mchungaji. Kila asubuhi, nikifunga vifungo vya shati, huzungumza na marehemu mke wangu, si kwa sababu nimerukwa na akili, najua fika kwamba tulimzika, ila katika ndoa yetu yote huo ndio uliokuwa wakati wetu wa kuongea, naye ndiye aliyekuwa akinifungia kifungo cha juu. Basi humpa habari za nyumba, bei ya vitunguu, goti langu, nani kaoa, na jinsi mtoto wake anavyoendelea. Kumbe binti husimama koridoni na chai yangu mkononi akingoja nimalize, yote ameyasikia, na ameyatungia wimbo.

Waliponifikisha kwenye kiitikio, "Mtoto wako amekonda, mama, lakini jana alicheka," niliinamisha uso. Radi akaacha kupiga ngoma, jambo ambalo sijapata kuliona.

Binti akasema, "Baba, ukikataa tunaufuta, na hakuna atakayekununia."

"Mimi nitanuna kidogo," akanong'ona mpiga besi.

"Hebu nyamaza wewe!" binti akamkemea.

Nikaomba muda wa kufikiri. Wanaingia studio Ijumaa. Wapo watakaosema kanisani kwamba mpiga kinanda amechanganyikiwa, na hilo naweza kulistahimili. Ninachokiogopa ni kwamba tangu siku ile, nikishika shati, maneno hayatoki, kwa kuwa najua nasikika, na nahofu wimbo huu ukienda kwa watu nitakuwa nimempoteza mke wangu kwa mara ya pili. Nami nikikataa, nitakuwa nimeuzima wimbo bora kuliko wote waliowahi kutunga, nasema hivyo kama mwanamuziki. Nifanye nini? Naomba radhi tena kwa urefu wa barua hii.

Mgane wa Kinanda

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo, na pole. Radhi ulizoomba zinatosha ukoo mzima, kwa hiyo hutaniomba nyingine leo.

Akili zako ni timamu. Ninachokugombeza ni hiki: kila asubuhi umempelekea mkeo habari za binti, kwamba amekonda, kwamba amecheka. Je, binti mwenyewe umewahi kumwambia kwamba unamwona? Mmekaa nyumba moja, na amelazimika kulijua hilo kwa kusimama koridoni, chai ikipoa mkononi. Hakuwa akikupeleleza, mzee. Na yeye alifiwa. Katika nyumba hiyo, mahali pekee ambapo mama yake bado anaongeleshwa ni nyuma ya mlango wako.

Umesema wewe ni mwanamuziki, basi niambie: binti alikuwa na vitunguu, alikuwa na goti, alikuwa na harusi za watu. Kwa nini kiitikio kikawa kile? Mtu huweka kwenye kiitikio yale anayotamani kuyasikia tena na tena.

Waambie ndiyo, tena kabla ya Ijumaa, wasije wakaingia studio na roho juu. Lakini una haki ileile aliyopewa bwana wa kitambi, itumie. Kile kifungo cha juu kisiimbwe. Hicho ni chako na mkeo, wala usitoe sababu. Na jukwaani binti aseme tu kwamba wimbo umetoka nyumbani kwao; watu hawahitaji zaidi.

Kuhusu maneno yaliyokwama, ukizidi kujifungia ndani yatakwama zaidi. Kesho asubuhi acha mlango wazi. Chai ikifika, mwambie aingie, aketi kitandani, mumpe mama habari mkiwa wawili. Ukishindwa kuanza, mwache aanze yeye. Nina hakika anazo habari zako nyingi za kumpelekea.