Madonge ya Bundi Chini ya Kitanda cha Hawe

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Leo madonge kumi na moja. Daktari kapata manne. Yeye ana digrii, mimi nina macho.

Kazi ni ile ile. Asubuhi kwa baiskeli mpaka ghala bovu la pamba, kuinama chini ya boriti wanapolala bundi, kuokota walichotapika. Bundi humeza panya mzima mzima. Nyama huishia tumboni, manyoya na mifupa huvitema vimeviringana kama tonge la ugali lililoota nywele. Tunaloweka, tunachambua kwa kijiti, tunahesabu mafuvu. Daktari Mutua anataka kujua bundi mmoja anatumalizia panya wangapi. Mimi nafunga kila donge kwa karatasi ya daftari na kuandika tarehe. Shule niliacha darasa la sita, lakini mwandiko wangu ungeweza kuposa peke yake.

Nyumbani Ganda wanajua mimi ni karani wa hoteli huko Shella. Nilisema mwenyewe, nikaongeza kwamba nina kiti kinachozunguka. Ningesemaje? Bundi kwetu hatajwi wakati wa kula. Akilia karibu na nyumba, watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Na Daktari asinicheke. Mama yake kule Machakos anajua mwanawe anasomea kuku.

Jumanne, 5 Agosti

Magharibi bundi kalia kwenye mnazi wetu. Mara tatu, kama kitambaa kinachochanwa. Hawe, bibi yangu mzaa baba, kachota chumvi kwa vidole, karusha motoni. Ikapasuka. Ndivyo anavyomfukuza tangu sijazaliwa. Na Sidi, mtoto wa baba mdogo Baya, ana homa tangu mchana. Watu wakatazamana.

Ulimi uliniwasha. Mahindi mapya yamejaa uchagani, panya wamefuata mahindi, bundi kafuata panya. Nikanyamaza. Karani wa hoteli atajuaje?

Kibanda changu kinavuja. Kopo la madonge, ambayo hukaa kwangu mpaka siku ya kuchambua, nimelisukuma chini ya kitanda cha Hawe, pakavu. Wiki hii tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo yameharibika.

Mama Sidi kaenda kumfagilia Hawe nyumba, ufagio ukagonga kopo. Kafungua, kisha karatasi za ndani. Nywele. Vifupa. Mafuvu madogo. Kwa ukelele ule, watu wa kisimani waliacha ndoo zao.

Nilipofika, kopo lilikuwa katikati ya uwanja, limezungushiwa majivu, hakuna wa kulisogelea. Bundi kalia, mtoto ana homa, kikongwe ana mifupa chini ya kitanda. Hesabu hiyo hata asiyesoma anaifanya. Baba mdogo Baya kamwuliza Hawe, mama yake mwenyewe, ni cha nani kitu hiki.

"Kimetoka kwangu," kasema Hawe. "Basi ni changu."

Sijui kwa nini kasema hivyo.

Jumamosi wazee wanakuja na kiraho cha papai. Kipande kinasomewa maneno, unakula. Ukivimba midomo, mchawi ni wewe. Na mchawi kwetu haandikiwi barua ya kufukuzwa.

Nilikuwa nimesimama pale pale, na shati langu jeupe la ukarani. Sikusema kitu. Mimi mwoga. Naandika hapa nisije nikajisahaulisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Daktari. Kataka kuja kuwaeleza. Nimekataa. Mtu wa bara akitokea na mifupa mingine, ndiyo kwanza watathibitisha. Kanipa donge moja jipya, halijafunguliwa. Kanishika bega.

Hawe hali. Hakuna anayemwamkia. Wajukuu waliokuwa wakigombania mapaja yake wanapita nyuma ya nyumba mbio. Nimempelekea uji, kanywa kidogo kwa ajili yangu tu. Kaniuliza kama hotelini wananilisha vizuri. Nikasema ndiyo. Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Na mimi si mtu wa kulia. Mara ya mwisho nilikuwa nimevunjika mkono.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazee watatu, papai moja.

Kabla hawajalikata nikasimama. Nikasema kopo ni langu. Nikasema sina hoteli, sina kiti kinachozunguka, naokota matapishi ya bundi kwa mshahara. Vijana wakaangua kicheko. Hata mama Sidi kaficha mdomo kwa leso. Heri wacheke.

Wazee hawakucheka. Nikatoa lile donge jipya, nikalilowesha kwenye kata ya maji, nikalifungua mbele yao kwa vidole. Mafuvu manne ya panya, na meno yao. Nikasema bundi wa mnazini anamaliza panya kama hawa kwenye mahindi yetu, bila mshahara. Mzee mmoja kasema mchawi mjanja hakosi maelezo.

"Basi papai nipeni mimi," nikasema.

Nikala. Tukangoja. Nzi wakaja. Midomo yangu ikabaki mizuri kama ilivyo. Papai lilikuwa limeiva barabara, nikaomba kipande cha pili. Hapo mkubwa wao kacheka, na jambo likaisha. Baba mdogo Baya kapiga goti mbele ya mama yake. Kisha kambeba Sidi kampeleka zahanati, jambo la kufanya tangu Jumanne.

Jioni nikamwuliza Hawe kwa nini alijitwika kopo lisilo lake. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Yale madudu yalifungwa kwa karatasi za daftari," kasema. "Madaftari nilikununulia mimi, kwa kuku wangu. Mwandiko wako siujui?"

Hawe hajui kusoma herufi hata moja.

Alidhani nimenunua uchawi mjini, wa kutajirikia, kama wanavyosemwa vijana wengine. Alidhani ni kweli. Na bado papai angelila yeye.

Naishia hapa.

Jumatano, 13 Agosti

Sidi kapona. Dalili: kaniibia kalamu. Naandika kwa penseli.

Kijiji kizima kinaniita Bundi. Sawa. Makarani wako wengi.

Daktari kaja na kilo mbili za sukari, kampa Hawe shikamoo kwa mikono miwili. Hawe kamwuliza bundi ana wake wangapi. Daktari kasema mmoja tu. Hawe kasema kumbe ana akili kuliko wanaume wa Ganda. Kisha kamwambia akamweleze mama yake ukweli kuhusu hao kuku. Hilo nilimwambia mimi. Daktari kanikata jicho.

Magharibi bundi kalia mnazini. Hawe kachota chumvi, mkono ukaelekea motoni. Ukasimama njiani. Kanitazama. Kaitia kwenye mchuzi.

Mchuzi ulikuwa umeshatiwa chumvi. Nimekula wote.