Uyoga Tuliouchuma Bila Wewe

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu Mzee Gurdip, wazee wetu wa kike na wa kiume, shikamooni, wajumbe wa kamati, wazazi wenzangu, nanyi wadogo mnaopaka rangi kule nyuma ya ukumbi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mlinitaka, kama mwalimu wa kikundi hiki cha watoto, nieleze yaliyotupata katika matembezi ya kuokota majani kwenye bustani ya mtaa, kisha nipendekeze la kufanya. Nilikaa kuandika taarifa. Kila nilipoianza nilijikuta nikimwelekezea Bi Salma, aliyekianzisha kikundi hiki, ambaye tulimzika mwanzoni mwa kiangazi. Mwishowe nikaiacha kalamu iende ilikotaka. Naomba ruhusa niwasomee nilichomwandikia, kwa kuwa yote mliyoniuliza yamo humo.

Bi Salma, mwalimu wangu,

Naogopa. Nimeanza na neno hilo kwa sababu wewe ungelisoma usoni mwangu kabla sijaketi. Naogopa ardhi, ile ile uliyotufundisha kuiinamia na kuitazama. Nikipita bustanini asubuhi natembea katikati ya njia, mbali na nyasi, na mikono nimeificha ndani ya koti.

Vuli, msimu wa majani kudondoka, imefika tena huku kwetu ugenini, Northfield. Ule mti uliouita mti wa vidole, kwa kuwa majani yake yamefunguka kama kiganja, umemwaga karibu yote. Watoto wameyabana ndani ya vitabu vizito kama ulivyoagiza, na wameanza kupiga chapa kanga zao: vipande vya shuka nyeupe, majani yaliyopakwa rangi kwa ajili ya pindo, na vikombe vya mbegu za mwaloni kwa ajili ya madoa ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Ukiwauliza jani hili lina rangi gani, bado wanakujibu kwa Kiingereza. Lakini pindo na mji wanavitaja kwa Kiswahili, hata watoto wa Bwana Abdi, ambao baba yao anaapa kwamba nyumbani hawajui kuomba maji kwa lugha nyingine ila Kiingereza.

Hayo ndiyo mazuri. Nimeyatanguliza kwa sababu siko tayari kwa yanayofuata.

Koko Furaha hukumfahamu. Alifika kutoka Bukavu wewe ukiwa umeshalazwa hospitali. Ni mama mzazi wa Mama Neema, na kwao bibi huitwa koko, basi sote tunamwita hivyo. Humleta Neema, mjukuu wake wa miaka minne, kutoka Kingstanding kwa mabasi mawili, apate mahali pa kukisikia Kiswahili kabla hajaanza shule. Mwanzoni alikaa pembeni na mkoba mapajani. Baridi ya huku ilikuwa imemzima.

Siku ya matembezi tulifika kwenye mialoni ya mwisho wa bustani, na Koko akasimama. Chini ya miti palikuwa na uyoga, mweupe wenye kivuli cha kijani, mpana, umelowa umande. Akakaza kitenge chake, akapiga magoti. Bi Salma, uso wake ulirudi ujanani. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Hii njo ile yenye tulikuwa tunakulaka kwetu, mwalimu."

Aliuvunja mmoja, akaunusa, akanipa niunuse, na harufu yake ilikuwa nzuri. Akatuonyesha tundu lililotafunwa pembeni, akasema konokono amekula na hakufa. Ndivyo mama yake alivyomfundisha ukingoni mwa msitu wao, kila mvua ziliponyesha, na katika maisha yake yote kule hakukosea hata mara moja. Watoto walimzunguka. Wakauhesabu, wakaupanga mdogo kwa mkubwa, wakabishana upi ni mwavuli na upi ni kofia. Neema alitembea kifua mbele kwa kuwa koko wake ndiye aliyejua. Nilijiambia kwamba ungekuwapo ungefurahi.

Na sheria yako waliishika. Macho yatazame, mikono ishike, mdomo ungoje nyumbani: wanaisema wote langoni kabla hatujatoka, ingawa wewe hupo tena kuwaongoza. Hakuna aliyetia chochote mdomoni. Tuliporudi ukumbini kila mmoja alinawa kwa sabuni. Uyoga mchache tuliubakisha mezani kwa ajili ya kupiga chapa, na uliobaki Koko aliufunga ndani ya mfuko akaondoka nao.

Mdomo ulingoja, Bi Salma. Ulingoja hadi Kingstanding, kwenye sufuria yenye vitunguu na mafuta ya mawese.

Mama Neema hufanya kazi ya kuwatunza wazee, zamu ya usiku. Aliporudi asubuhi alimkuta mama yake sakafuni na mtoto akitapika hata maji. Gari la wagonjwa liliwapeleka hospitali, Edgbaston, naye akanipigia simu akiwa njiani. Wahudumu walikuwa wamemuuliza ni uyoga wa aina gani, na yeye hakuuona ukiwa mbichi. Nilikimbilia ukumbini, nikauchukua ule wa mezani, bado una rangi ya bluu ya watoto, nikauviringisha ndani ya gazeti. Daktari alipoufunua alimwita mwenzake. Walipouona wote wawili walianza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Siku iliyofuata Neema aliamka akaketi. Aliomba juisi. Aliuliza kwa Kiingereza kama kanga yake imekauka. Mama yake alicheka huku machozi yakimtoka, akamshukuru Mungu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, nami nikamshukuru pamoja naye. Daktari hakucheka. Alitupeleka nje ya chumba akatueleza taratibu kwamba sumu hii ina desturi ya kumpa mtu nafuu, kisha inarudi kimyakimya kwenye ini, na kwamba wao hawangeitazama furaha ya mtoto, wangetazama damu yake. Tulirudi ndani. Neema alikuwa anamfanyia koko wake vituko kwa mrija wa juisi.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile kumwona mtoto anacheka.

Baadaye ikarudi kweli, kama alivyosema. Sitakueleza rangi ya macho yake. Nakueleza tu kwamba mtoto amepona. Ini lake lilishinda, naye yuko nyumbani, anakula, analalamikia mboga. Koko pia yu hai, ila bado hana nguvu za kusimama kwa muda mrefu. Nilipokwenda kumwona hakuniuliza watu wanasema nini juu yake. Alinishika mkono akasema: "Mama yangu hakunidanganyaka." Nikamjibu kwamba hakudanganywa, kwamba mama yake aliujua msitu ule na alisema kweli kuhusu msitu ule. Aligeukia ukutani. Sijui kama jibu langu lilimfikia.

Siku hizo zote simu yangu haikunyamaza. Kila mzazi alitaka kujua mtoto wake alishika nini na kwa mkono gani. Wengine waliwapeleka watoto wakapimwe, na hakuna aliyeonekana na tatizo. Kisha tukakutana ukumbini. Bwana Abdi, mcheshi wako yule yule wa teksi, alisema: "Mwalimu, mimi ni mtu wa Garissa. Kwetu kitu kikiota bila kupandwa tunakipisha njia. Watoto wangu wapewe majani ya karatasi, huko porini wataenda wakishaoa." Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema, maana wengi walikuwa wamekwisha kukubaliana naye. Mtu mwingine, ambaye hakuangalia upande wa kiti cha Koko kilichokuwa kitupu, akasema labda mabibi wawe wanawangojea watoto nje ya mlango.

Nikuambie ukweli? Nilitamani kusema ndiyo kwa yote mawili. Nilitamani mlango ufungwe na funguo nikae nazo mimi. Karatasi haina sumu. Juma lililofuata nilinunua karatasi za rangi, nikawakatia watoto majani mekundu na ya manjano, tukayabandika dirishani. Yalipendeza. Binti mdogo wa Bwana Abdi alichukua jani moja akalinusa, kama ulivyowazoesha kunusa kabla ya kupaka rangi. Akalinusa tena, akaliweka chini, akaniuliza tutatoka lini. Wenzake wakageuka wote kunitazama. Nikasema mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha, na walikuwa wanaliona dirisha.

Tangu hapo nimewaza sana. Watoto uliwawekea sheria, nao waliitii hadi mwisho. Sisi watu wazima hukutuwekea yoyote. Labda ulidhani tunajua. Lakini kila mmoja wetu amekuja huku na macho ya udongo wake: Koko na msitu wa Bukavu, Bwana Abdi na ukame wa Garissa, mimi na mashamba ya Morogoro. Macho hayo hayatudanganyi kuhusu kwetu. Hapa tunafanana na watoto wanaotushika mikono, isipokuwa wao huuliza. Mimi nilinusa uyoga ule nikasema una harufu nzuri, na sikumuuliza mtu yeyote wa bustani ile, aliyezaliwa chini ya mialoni ile, kama unalika. Tena ningemuulizaje mbele ya mama mzima anayeifahamu kazi yake? Adabu ilinifunga mdomo. Ingekufunga na wewe, nadhani. Hilo nalo linanitisha.

Uliniambia siku yangu ya kwanza, niliposhtuka mtoto alipopanda juu ya gogo: "Woga wako utie mfukoni, mwanangu, watoto wasiuone." Nimekutii kwa miaka yote hii. Kwa hili naomba radhi, sitakutii. Watoto nitaendelea kuwaficha. Wazazi wao nitawaonyesha wote, nitautoa mfukoni niuweke mezani, kwa sababu woga uliofichwa ndio unaokata majani ya karatasi na kuwatoa mabibi nje ya mlango.

Pumzika, Bi Salma. Mungu akulaze panapo nafuu. Nakuahidi kwamba watoto wako hawatayajua majira haya kupitia kioo cha dirisha. Nakuahidi pia kwamba sitawatoa nje nikiwa sijui ninachokanyaga. Sijui kama nitaweza kuzitimiza ahadi zote mbili. Nitajaribu nikiwa natetemeka.

Mwanafunzi wako,
Rehema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zangu, barua imeishia hapo. Uamuzi ambao mimi na kamati tunauleta mbele yenu ni huu. Matembezi ya watoto yamesimama, ila hayajafutwa. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, tutatoka watu wazima peke yetu. Mtunza bustani amekubali kutembea nasi na kutufundisha mti kwa mti, tunda kwa tunda, na kila kinachoota chini yake. Koko Furaha amekubali kuja. Tutampelekea kiti, atakaa penye mialoni ile ile, atuonyeshe alichokiona na namna alivyoamini, na hakuna atakayemweka nyuma. Kila nyumba itoe mtu mmoja, na wenye wazazi wazee waje nao. Nyumba ambayo haitakuwa imetembea, mtoto wake atabaki ndani siku wenzake watakapotoka, na sababu nitamweleza mtoto mimi mwenyewe.

Atakayekuja Jumamosi, namwomba asimame sasa hivi, nione kama naogopa peke yangu.