Bili Mbele ya Jeneza

Msambweni,
Jumapili.

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, roho ndiyo iliyochafuka. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Mackinnon Road, na kifua cha mama kimepata nafuu. Simu zako sikuzipokea kwa sababu kwenye simu hungeniacha nimalize. Barua huwezi kuikatiza.

Umeniandikia, "Muombe Daktari radhi, usiniaibishe." Hukuniuliza radhi ya nini. Basi nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika katika shajara yangu siku ile ile ya maziko.

Kazi uliyonitafutia hapa zahanati waijua: kufuatilia wagonjwa waliobakiwa na deni. Anayechelewa mimi humpigia simu, nikamjulia hali kwanza, ndipo nikamuuliza ataweza kiasi gani na lini. Mzee Omari wa Munje, mshona makuti, tulimtibu kidonda cha mguu. Hakuweza kulipa kwa mkupuo, tukakubaliana alete kidogo kidogo kila Jumamosi, na Daktari mwenyewe, mwenye zahanati, akatia sahihi. Mzee hakukosa hata mara moja. Jumanne akafariki.

Daktari akaniambia twende mazikoni. Akanipa bahasha. "Shika hii, nitakuambia tukifika." Nikadhani ni rambirambi, nikamwombea kheri. Yule mtu nilimwombea kheri, kaka!

Jeneza likawekwa mbele, watu wakapanga safu. Juma, mwana mkubwa wa marehemu, akasema kama ilivyo ada yetu, "Kama yupo anayemdai marehemu, atuone sisi wanawe." Wewe na mimi twajua maana yake: watu wazike, wapumzike, ndipo uende nyumbani kwao useme kwa sauti ya chini. Daktari, aliyesimama kando na viatu vyake miguuni, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi hapa! Huyu mzee ako na deni yangu. Bakari, fungua bahasha uwasomee."

Nikaifungua. Ilikuwa bili, deni lote kwa pamoja, kana kwamba yale makubaliano ya Jumamosi hayakuwahi kuwapo.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Bwana wee, tuache tumsalie kwanza. Leo hana pa kukukimbilia." Vijana wakacheka, kisha wakaona haya. Juma hakucheka. Alinitazama mimi, si Daktari, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia simu babake.

"Bakari, si nimekuambia usome?"

"Sisomi, Daktari. Hapa hapasomwi bili." Nikaitia mfukoni, nikavua viatu, nikaingia safuni.

Hilo ndilo kosa langu. Sasa anataka nimwombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, la sivyo nirudishe funguo za ofisi. Nawe wamtetea kwa sababu alipokuwa na duka la dawa huko kwenu alikuwa akikukopesha! Usiniambie kazi hazipatikani. Najua, mimi ndiye nitakayekosa mshahara. Lakini nikimwomba radhi nitakuwa nimekiri kwamba nilipaswa kusoma, na kila nyumba nitakayoipigia simu kumjulia mgonjwa hali, wataniuliza nasubiri nani afe. Nasikia ulimwambia Daktari, "Mdogo wangu ni mtiifu, mtume popote." Ulimwahidi kitu kisichokuwa chako.

Kesho asubuhi nitarudisha funguo.

Mpe mama shikamoo yangu, umweleze kwa nini mwezi huu sitatuma kitu. Usimwambie nimefukuzwa, mwambie nimeondoka. Msalimu shangazi anayemuuguza, na shemeji yangu mkeo, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii ukijifanya huoni maandishi madogo. Watoto wabusu.

Na rafiki yako akikupigia, usimwombe radhi kwa niaba yangu. Ukimwomba, hii ndiyo shikamoo ya mwisho kuipata kwangu.

Mdogo wako,
Bakari