Kopo Lililonyamaza

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe na mabinti mmeamka salama. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Najua umeninunia tangu tuliporushiana maneno msibani, na simu zangu hupokei. Basi isome hii hadi mwisho, kisha uichane ukipenda.

Ulisema nimekikalia kiti cha marehemu mumeo kabla hakijapoa. Kweli nilirithi kazi yake kwenye ghala la taka za mionzi, lakini kiti bado ni chake. Kila kopo lina kadi yenye mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, na nikiisoma nasikia kama anakohoa nyuma yangu. Nageuka kila mara, mjinga mimi.

Kuhesabu kwetu ni kwa watu wawili: mmoja anasoma kadi, mwenzake anasogeza kipima mionzi kwenye kopo na kuitikia kwamba lipo. Hakuna anayefungua, maana kufungua ni kujitafutia kifo. Na kwa kuwa sote tunaogopa kipimo kikilia, kopo lililo kimya tulilipenda. Tuliitikia haraka tukapita.

Juzi nilisimama mbele ya kopo moja zito la madini ya risasi, lililotoka hospitali. Kwa mujibu wa kadi, kilichomo hata wajukuu zetu wangekikuta kikali. Kipimo hakikulia hata kidogo, ingawa kitu kikali hivyo hupenya hata risasi. Mkuu wa ghala alinicheka, akasema nishukuru kupata kopo pole. Nilimng'ang'ania mpaka akawaita wataalamu, wakalifungua kwa vifaa vyao. Kifuniko kilikuwa kimelegea na ndani hamna kitu. Muda wote huu tulikuwa tunahesabu kopo tupu.

Dada, kinachofuata kinaniuma kukiandika. Kilichopotea ni kipande cha chuma kinachong'aa, kidogo kuliko ncha ya kidole. Unamjua mumeo: hakuweza kuipita skrubu sakafuni bila kuiokota na kuitia mfukoni aipeleke nyumbani, eti itafaa siku moja. Kile kidonda cha pajani ambacho daktari hakukielewa hakikuwa mkono wa mtu, kama majirani walivyonong'ona. Wala hakuiba, usimruhusu yeyote aseme aliiba. Aliokota tu. Na jana mama ameniambia kwamba mkono wako umeanza kuchubuka, nami nimelia kama mtoto.

Waliokukabidhi barua hii ndio hao wataalamu. Usitafute chochote, usifungue droo yoyote, usibebe hata nguo. Washike mabinti mkono mtoke sasa hivi, chai iacheni mezani. Wape salamu zangu, waambie nawapenda sana.

Mimi niko hapa nje, getini. Kama bado una matusi yangu, njoo unitukanie huku.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere