Nani Ataingia na Baba

Raheli Manase,
Kinyangiri, Mkalama,
Singida.
16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Elisha,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Hujambo lakini? Na kile kifua chako kinaendeleaje huko Durban? Nasikia miezi hii baridi ya kwenu haina tofauti na ya kwetu, basi vaa lile sweta la kijani, usijifanye kijana. Sisi hatujambo. Alizeti tumeshavuna, upepo unatutilia vumbi mpaka kwenye chai, na kila jioni nikifunga mbuzi nakukumbuka, maana hakuna aliyewahi kuwaswaga ovyo kama wewe.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu ukiniuliza habari za Baba nakujibu hajambo, kisha salio linakata, na mimi moyoni nashukuru limekata. Ya leo nataka uyasome umekaa.

Baba anakojoa damu. Ilianza mvua zikiwa bado zinanyesha, akanyamaza nayo, nikaja kuiona kwenye shuka wakati nafua. Nilipomuuliza akasema ni kichocho tu, kile kile cha utotoni. Unakumbuka ninyi wavulana mlivyokuwa mnashindana pale bwawani ni nani mkojo wake mwekundu zaidi, mkidhani ndiyo mmekua? Kumbe na kina Baba enzi zao walikuwa hivyo hivyo. Damu haikumtisha hata kidogo. Aliniambia inamkumbusha ujana, na alikuwa anatabasamu.

Nilimbembeleza wiki nzima, mwisho nikamburuza mpaka hospitali mjini Singida. Daktari tuliyemkuta anaitwa Nitin, ni wa ile familia yenye duka la vitambaa, amezaliwa hapa hapa. Alimwamkia Baba kwa adabu mpaka nikamsamehe udogo wake. Akatueleza kwamba kichocho kikikaa kwenye kibofu miaka mingi kinaweza kuleta saratani, na kwamba kuna kipimo cha kuangalia seli zinazotoka na mkojo. Baba akapewa kikopo, akojoe, akipeleke maabara papo hapo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Anayepokea vikopo ni binti mmoja, Belinda. Alimwamkia mzee, wakaulizana kwao, kumbe ni wa ukoo wa bibi, yule mzaa Mama. Kwa hesabu zetu huyo ni mkwe wa Baba. Sasa wewe mwambie Baba amkabidhi mkwe wake mkojo. Aliingia chooni, akatoka na kikopo amekificha ndani ya koti, akaenda kukaa kwenye benchi la nje, juani, mpaka jioni alipoingia mwanamume wa zamu. Mimi nilikuwa nimetoka kumtafutia uji, nikadhani ameshakabidhi. Jibu lilipokuja lilisema sampuli haifai kusomwa, seli zimeharibika. Nililia kwa hasira, Elisha. Halafu nikacheka. Halafu nikatamani uwepo, tucheke wote.

Safari ya pili Nitin alikipokea kikopo mwenyewe, mlangoni pa choo. Wakati tunasubiri alinieleza kwamba zamani kila msomaji wa seli aliandika kwa maneno yake. Huyu anaandika si nzuri sana, yule anaandika kuna wasiwasi, na daktari wa pili anabaki kubahatisha mwenzake alimaanisha nini. Siku hizi wamekubaliana ngazi zile zile na maneno yale yale, huku na nchi nyingine. Ya Baba inasema hivi: seli zinatiliwa shaka ya saratani kali. Bado haijathibitika, shika hilo. Lakini ukimwonyesha daktari wa huko ataelewa kile kile alichoelewa Nitin. Nimeisoma mara nyingi. Miaka yote hii nimetafuta neno la kukuandikia ulielewe huko kama ninavyolielewa hapa, na limepatikana hilo.

Sasa anatakiwa Dodoma tarehe nane Julai, aingizwe kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, wachungulie kibofu na wachukue kipande cha kupima. Nitin anasema kama ni yenyewe na bado haijazama kwenye nyama ya kibofu, inatolewa na mtu anaishi. Tukichelewa ndiyo basi.

Baba amekataa niingie naye. Mimi ni binti yake, siwezi kusimama mahali anapovuliwa nguo, na katika hilo siwezi kumlaumu. Mume wangu Chediel ni mkwe, huyo hata karibu na mlango hasogei. Baba mdogo tulimzika, unajua. Mama angekuwepo nisingekuandikia. Nimemwambia kuna manesi, akanijibu manesi ni watu wa watu, yeye anataka wa kwake asikie pamoja naye.

Na wewe kapimwe huko huko. Ulioga bwawa lile lile na ulijivunia mkojo ule ule. Kikopo ukabidhi upesi, hata kama aliyeko dirishani ni mama mkwe wako.

Nisalimie wifi yangu Catherine na watoto, waambie shangazi yao anawajua kwa picha tu na picha zimechoka. Shangazi Lea anakusalimu, Chediel pia, na jirani yetu Scholastika bado anauliza kama umenenepa. Mungu akulinde, akufungulie njia.

Nilitaka kuishia hapo, lakini hili nisipolisema nitakuwa nimeandika bure. Nitin alipokuwa anaandika barua ya rufaa alimuuliza Baba nani atamsindikiza Dodoma. Baba hakunitazama. Akajibu, "Mwanangu Elisha." Nitin akauliza yuko wapi. Baba akasema, "Yuko njiani."

Sikumsahihisha.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayetazama barabara pamoja naye,
Raheli