Kadi namba moja

Mercy, Kavenya wetu wa mapokezi amefutwa kazi sasa hivi, wala hajutii!

Amewaambia wakubwa kikaoni kwamba tovuti ya zahanati iko wazi: ukibadilisha namba ya kadi kwenye anwani pale juu, unasoma majibu ya vipimo vya mgonjwa mwengine. Bila neno la siri! Fundi aliyeitengeneza akamwita mwizi. Mwizi, Mercy!

Kavenya akamwamkia mkurugenzi, shikamoo kamili, kisha akaandika moja pale kwenye anwani, kompyuta ikiwa imeunganishwa na projekta.

Kadi namba moja ni ya nani? Si ya mkurugenzi mwenyewe, aliyejikatia ya kwanza siku ya ufunguzi!

Majibu yake yote ukutani, kwenye projekta. Sukari, presha, mpaka yale ya faragha.

"Funga hiyo! Na kazi huna tena!" mkurugenzi akafoka.

Kavenya akachukua mkoba wake. "Nifunge nini, bwana? Mlango hamkuuweka."