Miyombo Iliyobanduliwa Magome: Kikao cha Dharura cha Kamati ya Maliasili, Kijiji cha Mitundumbili

Tarehe: 14 Juni 2024
Mahali: Ofisi ya Kijiji
Waliohudhuria: Bw. Chediel (Mwenyekiti), Bw. Philipo (doria), Bi. Severina (mjumbe), Bi. Yasinta (Katibu)
Mwalikwa: Mzee Melkizedeki, mfugaji nyuki
Asiyehudhuria: Bw. Eliya, bila taarifa

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa ameangalia ukuta, kwa kuwa mwalikwa ni baba mkwe wake, na kwa mila hawatazamani.

KUMB. NA. 2/2024: TAARIFA YA DORIA
Bw. Philipo alieleza kwamba miyombo kadhaa katika msitu uliofungwa kwa mifugo na ukataji ili uote upya imebanduliwa magome na inakauka. Mizinga ya magome iliyokutwa juu ya miti ina alama ya Mzee Melkizedeki.

Mwenyekiti alisema hawezi kumhoji mkwe wake, akamwomba Bw. Philipo aongoze. Bw. Philipo alikataa, akikumbusha kwamba mbuzi wake yeye Philipo walipokamatwa humo, Mwenyekiti hakukosa maneno ya kumhoji. Mwenyekiti alijibu kwamba mbuzi si wakwe.

Bi. Severina, mke wa Mwenyekiti na binti wa Mzee, aliomba nafasi. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa.

"Baba, mti ukibanduliwa unakufa umesimama. Nyuki wako watapata wapi maua?"

"Najua, mwanangu. Ila mzinga wa gogo ni mzito. Mkono huu hauupandishi tena. Wa gome ni mwepesi."

Bi. Severina aliuliza kwa nini hakusema nyumbani. Mzee alijibu kwamba wangemkataza kupanda juu ya miti.

KUMB. NA. 3/2024: MAAZIMIO
Bi. Severina alipendekeza baba yake aadhibiwe kama mtu mwingine yeyote: kwa msimu mzima asiingie msitu uliofungwa, na mizinga yake ishushwe. Atumie mizinga ya mbao, inayoning'inizwa kwa waya usawa wa mikono, bila kupanda mti. Wajumbe waliafiki. Mwenyekiti aliafiki bila kugeuka.

Mzee aliuliza nani ataishusha. Mwenyekiti alisema yeye. Mzee alisema mkwe wake anaogopa nyuki.

Bi. Severina alisema atapanda yeye. Kwa kuwa Mzee haruhusiwi kuingia, aliiomba kamati imruhusu siku hiyo moja, amshikie kamba. Iliafikiwa.

Mzee alimwambia binti yake asivae kanga, avae suruali yake yeye Mzee ya kurinia asali.

KUMB. NA. 4/2024: KUFUNGA
Hapakuwa na jingine. Wajumbe walitawanyika saa 10:20 jioni; Mwenyekiti alitoka wa mwisho, Mzee alipokwisha kufika mbali.

Chediel, Mwenyekiti ...............
Yasinta, Katibu ...............